D ya gari la kale si D ya gari la leo

Mhariri,

Safu yenu ya magari wiki iliyopita iliwaambia wanaotamani magari ya kale wasihofu gia otomatiki, kwa kuwa herufi zake ni zilezile kwenye kila gari. Mimi ni fundi wa giaboksi tangu ujanani, na naomba nafasi nipinge.

Niliwahi kuletewa Ford Mustang ya 1965 na kijana aliyeirithi kwa baba yake. Lalamiko lake: gari zito kuondoka, na fundi wa kwanza alishamwambia giaboksi ishushwe. Nikaingia ndani, nikatazama penye mkono wa gia. Hakuna D pale, ile herufi ya kwenda mbele. Kuna nukta mbili, ndogo na kubwa, ile kubwa ya kijani. Kijana alikuwa akitembelea ndogo siku zote. Nukta ndogo huliondoa gari kwa gia ya pili. Iliwekwa kwa ajili ya barabara yenye utelezi, ili magurudumu yasizunguke bure. Ya kijani ndiyo inayoanza na gia ya kwanza, ikapanda yenyewe hadi ya tatu. Nikasogeza mkono, gari likaruka. Sikumtoza kitu, na msaidizi wangu akanuna mchana kutwa.

Kuna magari mengine ya miaka hiyo, hasa yenye giaboksi za Borg-Warner, yameandikwa D1 na D2 kwa maana hiyohiyo: D1 ni kama nukta kubwa, D2 ni kama ndogo. Aliyezoea gari la leo huikwepa D1, akidhani itamfungia gia ya kwanza na injini ipige kelele. Kumbe D1 ndiyo ya safari za kawaida. Akishikilia D2, kila anapoondoka giaboksi inateleza muda mrefu kabla ya kushika, na mafuta yake yanapata joto lisilo na sababu.

Na D yenyewe ikiwapo, msiiamini upesi. Giaboksi ya Dynaflow ya magari ya Buick, iliyotoka 1948, ukiiweka D haibadilishi gia hata moja. Ukitaka gia ya chini kwa mlima mkali, unavuta L kwa mkono wako. Dereva anayesubiri kuisikia ikibadilisha atasubiri sana, kisha ataniletea mimi gari zima.

Linalonitia hofu zaidi ni R. Kwenye Dynaflow hiyo, na kwenye Powerglide za mwanzo za Chevrolet, mpangilio ni P (ya kuegesha), N (ya gia huru), D, L, R. Rivasi iko mwisho kabisa, jirani na L. Sasa fikiria unateremka mlima, unataka injini ikusaidie kulishika gari, unavuta mkono kwa haraka na kupitiliza L hadi R. Kwa sababu hiyo sheria ya Marekani, kuanzia magari ya 1968, ililazimisha N ikae katikati ya rivasi na gia za mbele. Yaliyotengenezwa kabla hayajui sheria hiyo.

Giaboksi za Hydra-Matic za kwanza, zilizoanzia kwenye Oldsmobile za 1940, hazikuwa na P kabisa. Unazima injini, unaweka R, ndipo gari linafungwa. Ukiliacha N, linategemea breki ya mkono peke yake, na breki za mkono za umri huo mimi sizilalii.

Mwandishi wenu ni hodari kwa injini na bodi, simnyimi haki yake. Lakini atoe sahihisho, tena amwambie mnunuzi adai kitabu cha gari kabla ya kuhesabu pesa. Na akileta tena picha, apige na ya herufi za gia, zisomeke. Ya wiki iliyopita ilikuwa rangi na rimu tupu.

Fundi wa giaboksi,
msomaji wenu wa siku nyingi