Kaka, ile picha haikuwa hukumu

Kaka yangu,

Siku ya arobaini ya Mama ulisema mbele ya wajomba, "Mimi niliona mapema." Nilinyamaza kwa heshima ya wageni. Nakujibu hapa kwa kuwa simu zangu hupokei.

Uliona nini? Uliona picha ya CT ya ubongo wa Mama, baada ya kiharusi. Uliitoa kwenye bahasha ukainyanyua dirishani pale wodini, ukaweka kidole kwenye doa jeusi la upande wa kushoto: "Hapa pameshakufa. Hela ya mazoezi tuiweke ya mazishi." Mama alikuwa amepoteza maneno, hakupoteza masikio. Alivuta khanga kwa mkono wa kushoto akajifunika uso. Wewe macho yako yalikuwa kwenye picha. Mimi niliiona khanga ile ikipanda, na mpaka leo inapanda.

Sijasahau kwamba uliuza pikipiki yako ili picha hiyo ipigwe. Mama naye alijua, na alikuombea.

Lakini doa la kiharusi halisomwi kwa ukubwa tu. Kuna njia ya neva inayoteremka kutoka ubongoni hadi kwenye uti wa mgongo, ndiyo inayoamrisha mkono. Doa dogo likikaa juu ya njia hiyo laweza kulemaza mkono kuliko doa kubwa lililoipisha. Kwa hiyo watafiti hupima kwa MRI, mashine nyingine ya kupiga picha za ndani ya mwili, ni kiasi gani cha njia hiyo kimeharibika. Na hata hiyo haitoshi. Huko Auckland, New Zealand, timu ya mtafiti Cathy Stinear ilitengeneza utaratibu wa kukadiria mkono utapona kiasi gani, na mwanzoni MRI ilikuwamo. Walipouboresha mwaka 2017 waliiondoa. Sasa wanaanza kitandani, ndani ya siku tatu: mgonjwa anaweza kuinua mkono kwa pembeni? Anaweza kunyoosha vidole? Wasiokuwa na nguvu ya kutosha hupimwa njia ya neva kwa sumaku inayowekwa kichwani, kuona kama amri inafika mkononi. Makadirio yao hutimia kwa wagonjwa kama watatu katika kila wanne. Huyo wa nne bado huwashangaza.

Siku ya tatu Mama alinyoosha vidole vya mkono wa kulia, Kaka. Nilikuita. Ulisema ni mishipa inajivuta tu.

Ukipata mgonjwa mwingine, Mungu aepushe, mwangalie mkono kwanza, na usimtabirie akiwa anasikia. Mimi sikumtabiria. Nilimfanyisha mazoezi kila jioni, na mwezi wa tano alishika kikombe chake cha bati mwenyewe. Maneno hayakurudi, ila "haya" na jina lako.

Najua utakachonijibu. Kwamba mdomo wake ulipinda saa saba usiku na mimi nikamfikisha hospitali saa mbili asubuhi. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu kiharusi kianze. Nimesoma pia kwamba mshipa mkubwa ukiziba, kila dakika hufa seli za neva zipatazo milioni 1.9. Hesabu ya hizo saa saba za kuchelewa nimeshaipiga, huna haja ya kunipigia. Gari halikuwapo. Nilidhani ni upepo. Nilimkanda kwa mafuta ya nazi mpaka adhana ya alfajiri, naye alikuwa ananitazama.

Bahasha ya picha iko juu ya kabati lake. Sijaifungua. Njoo uichukue, au njoo tu.

Mdogo wako