Asante, kaka wa studio, kwa picha za baba mdogo

Mvua za Aprili 2024 ziliingia mpaka chumbani kwa mama hapa Nairobi, na boksi la picha za marehemu baba mdogo likalala majini usiku kucha. Alikuwa rubani wa ndege ndogo, Cessna 206, akitoka uwanja wa ndege wa Wilson hapa Nairobi kwenda Lodwar na Marsabit, na viwanja vingine vya vumbi ambako kwanza unapita chini kufukuza mbuzi ndipo utue. Picha zilikuwa zimegandana kama chapati za jana.

Nilitaka kuzianika juani. Yule kaka wa studio ya mtaani akanizuia: "Zikikauka hivi zimeshikana, basi tena." Akazitia kwenye beseni la maji safi, baridi, akangoja, kisha akazibandua moja moja kwa vidole, bila kisu. Akazilaza kivulini, uso juu. Zilipokauka akazipiga skani zote, hadi migongo, maana mama aliandika majina huko kwa penseli. Mimi nisingekumbuka.

Zimepona 41. Katika mojawapo baba mdogo ameshika mkia wa ndege penye 5Y, alama ya usajili wa ndege za Kenya, shati limechomoka, amepakata mtoto tusiyemjua.

Alipokea gharama ya karatasi za picha tu. Hata soda alikataa. Kaka, ulisema usitajwe, sikutaji. Nanyi wenye picha zilizolowa, msingoje zikauke, wahini beseni.

Mama ameomba nakala kubwa ya ile ya mbuzi uwanjani.