Shukrani kwa dada mwenye shali ya bluu

Dada, jina lako sikulijua, na tulipogeuka kukushukuru ulikuwa umeshapotelea gizani. Naandika huku nikiomba yakufikie.

Ilikuwa Ijumaa usiku, Knott's Scary Farm, yale maonyesho ya kutisha ya msimu wa Halloween (sikukuu ya mizimu ya mwisho wa Oktoba) kwenye bustani ya burudani ya Knott's Berry Farm, pale Buena Park, California. Mwanangu wa miaka 14 aliingoja siku hiyo kwa wiki nyingi. Alishanisimulia kila kitu: kwamba maonyesho haya yalianza 1973, na kwamba wapo waigizaji waliojigeuza mazimwi wanaoteleza kwa magoti juu ya lami mpaka cheche zinaruka. Lakini tulipoingia nyumba ya vitisho, kwenye vile vichochoro vya giza, ukungu wa mashine na taa za kumetameta, miguu ilimgoma. Watu wanasukumana nyuma yetu, mtoto analia, nami sijui pa kutokea.

Ukasimama. Ukampa ncha ya shali yako aishike, ukamwambia atazame mgongo wako tu na ahesabu hatua kwa sauti. Ukamkumbusha kuwa waigizaji wale hawamgusi mgeni. Alihesabu mpaka 61, tukaona mwanga wa nje.

Hukumcheka, dada yangu. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote, maana kwa umri wake aibu inauma kuliko hofu. Ulimpa maji ukangoja hadi pumzi zikatulia, ilhali wenzako walikuwa wanakuita.

Anakuulizia mpaka leo. Ahsante sana, Mungu akuzidishie.