Ukiitwa ukiwa mbali

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Sauti yako ya jana haijanitoka masikioni. Ulisema, "Mama, wananiona nina dharau," kisha ukanyamaza, nikakusikia unavuta kamasi kama ulivyokuwa ukifanya utotoni. Pale kwenye simu sikupata la kukwambia zaidi ya pole. Baba yako alikuwa anangoja chakula, jirani yuko mlangoni, na jambo lenyewe ninalo kifuani miaka kumi na saba, haliwezi kusemwa juu juu. Ndiyo maana naandika.

Nimeelewa hivi. Kikao cha asubuhi, bosi wako anaeleza kazi za mwezi ujao, wewe macho yako yako kwenye feni. Akakuita jina, akakuita tena. Mara ya tatu ukashtuka, ukasema, "Ndiyo, ndiyo, sawa," kumbe umekubali kumaliza kwa siku mbili hesabu za wiki mbili. Wenzako wakacheka. Halafu yule dada mnayekaa naye meza moja akakwambia kwamba kila akikusimulia habari zake unamtazama usoni na humsikii, na kama huna haja naye ni afadhali umwambie.

Kicheko cha kikaoni watakisahau. Neno la huyo dada ndilo linaloniuma, maana namwelewa. Sisi tunafundishwa kuitika kabla hatujafundishwa kusoma. Ukiitwa na mkubwa, mtoto wa kike anasema "abee", wa kiume "naam". Mtu akikusimulia unamsindikiza: "enhe", "ehe", "ikawaje?" Ukiziacha hizo, naye anakatisha, anauliza, "Mbona kimya, umelala?" Hata bibi yako hakuwahi kuanza hadithi bila kusema "Paukwa!" na kusikia "Pakawa!" ya kila mtoto aliye mkekani. Yule dada haoni kichwani mwako mna nini. Anachoona ni macho yaliyomwelekea na hayakumpokea, na hapo mtu hujijazia mwenyewe sababu.

Mimi mama yako nilishajijazia, na vibaya.

Ulikuwa na miaka saba. Umeme umekatika, bibi ameweka chemli katikati ya mkeka. "Paukwa!" Watoto wakaitika wote, wewe kimya. Ulikuwa unamtazama kumbikumbi mmoja anayezunguka kioo cha taa, kidole mdomoni. Bibi akarudia. Mjomba wako akapitisha kiganja mbele ya macho yako, mara ya kwanza, mara ya pili, hukupepesa. "Huyu mtoto ana kitu," akasema. Basi kila mtu akakumbuka lake. Shangazi yako akasimulia alivyokutuma chumvi ukasimama mlangoni kama umesahau njia. Mwingine akataja shetani wa ukoo. Mwingine tayari anamjua mganga wa Pangani na bei yake.

Nikakupiga kofi, mbele yao wote. Nilikuwa na aibu, watu wanamsema mtoto wangu, na mkono ukatangulia. Wewe ukageuka, ukanitazama, ukasema, "Abee, mama." Kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Ulijua umeitwa, hukujua kwa nini umepigwa.

Hiyo "abee" naisikia mpaka leo. Naomba unisamehe, mwanangu. Sijawahi kukuomba radhi kwa ajili ya usiku ule, na nisingependa nikuombe kwa mdomo tu, maneno yakapita. Nimekuandikia uwe nayo.

Baba yako ndiye aliyesema mganga hapana, twende hospitali kwanza. Sijui kama unamkumbuka yule daktari mwanamke mwenye miwani. Alikupa ukanda wa karatasi, akakwambia uushike mbele ya mdomo na uupulize, pumzi ndefu, za haraka, bila kupumzika, dakika tatu nzima. Nilidhani anakuchezesha. Kumbe kuna aina ya kifafa inayowapata watoto, haina kuanguka wala kutoa povu. Mtoto anakatika tu, anakodoa macho, pengine kope zinachezacheza, kwa sekunde kumi hivi, kisha anaendelea na alichokuwa anafanya bila kujua kwamba kuna kitu kimepita. Inaweza kumjia mara nyingi sana kwa siku moja. Na wengi wenye hali hiyo wakihema haraka namna ile, inawajia hapohapo mbele ya daktari. Wewe ulipuliza mpaka ukapata kizunguzungu, ukacheka. Hukukatika hata mara moja.

Akaniuliza mengine. Je, anakatika katikati ya sentensi? Au katikati ya kukimbia, ya kutafuna? Ukimgusa anarudi? Nikafikiri. Wewe ulikuwa unahama ukiwa umetulia, kuna kitu cha kutazama au hakuna cha kufanya, na ukiguswa bega ulirudi mara moja, tena ulikuwa na la kusimulia kutoka huko ulikokwenda. Daktari akasema huyu ni mtoto anayezama kwenye mawazo, mkae naye. Angekuwa na wasiwasi, alisema, angetuandikia kipimo cha umeme wa ubongo, ambacho kwa kifafa kile huonyesha mawimbi ya namna yake, kama matatu kwa kila sekunde.

Kila mtu katika chumba kile angefurahi. Mimi nilitoka jasho, kwa sababu maswali yale yalikuwa yananieleza mtoto mwingine.

Nilikuwa na mwanafunzi darasa la tatu. Nikimsimamisha asome, alisoma maneno manne, matano, akanyamaza, macho wazi, kisha akaendelea mstari mwingine kabisa. Darasa zima likiangua kicheko. Nilimchapa kwa kuzubaa. Nilimchapa zaidi ya mara moja, mwanangu, kwa kitu alichokuwa hajui hata kwamba amekifanya. Jumatatu yake, baada ya masomo, nilimfuata mama yake sokoni kwenye meza yake ya dagaa, nikamwambia yote, na ya fimbo nikamwambia. Yule mama alinisikiliza huku mikono yake ikiendelea kufunga mafungu. Mwishoni akauliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Mtoto akaanzishiwa dawa, na muhula uliofuata alisoma ukurasa mzima bila kukatika. Tangu siku ile sijamchapa mtoto kwa kuzubaa, mpaka nimestaafu.

Nakueleza haya usijione peke yako. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha kazi waliyoifanya kwa simu. Watu wazima 2,250 walikuwa wanaulizwa ghafla, muda wowote: unafanya nini sasa hivi, na akili yako iko hapo? Asilimia 46.9 ya majibu yalisema akili iko kwingine. Karibu nusu! Hao waliokucheka kikaoni, nao walikuwa wamehama kwa zamu zao, ila hawakuitwa. Na watafiti hao waliona pia kwamba watu walikuwa na furaha pungufu akili inapokuwa imehama. Hilo limenifanya nikuulize: unalala saa ngapi siku hizi? Ukitoka Mbagala alfajiri na kurudi saa mbili usiku, akili itajitafutia usingizi macho yakiwa wazi. Na kama kuna jambo linakusumbua ambalo hujanieleza, nieleze.

Sasa ya huko kazini. Sitaki uache kuzama, sidhani hata kama unaweza, na michoro yako yote ulikuwa unairudisha kutoka hukohuko. Ninachokukataza ni ile "ndiyo, ndiyo, sawa". Hiyo ndiyo iliyomuumiza mwenzio. Umemwitikia na hukumsikia, na akagundua. Ukishtuka, sema: "Samahani, nilihama kidogo, nirudishie." Utaona aibu, lakini ni ya muda mfupi. Kikaoni kaa mahali ambapo hutazami feni wala dirisha, na uwe na kalamu inayoandika kila kinachosemwa, hata kisicho na maana. Hesabu za siku mbili mwendee bosi kesho asubuhi, mwambie ukweli kwamba hukusikia vizuri ulichokubali. Usikae nazo usiku kucha kwa kuona haya.

Kwa yule dada, nenda na chai na maandazi, mkae. Mweleze kwamba uko hivi tangu mtoto, na umwombe akikuona umekwenda akuguse mkono. Kisha umwulize ile habari aliyokuwa anakusimulia. Uliniambia ni ya mdogo wake anayeumwa. Hiyo isikilize mpaka mwisho, mwanangu, hata kama utajifinya.

Na jambo moja usilifiche: ukianza kukatika katikati ya maneno, au kikombe kikakuponyoka hujui kimedondokaje, au wenzio wakikwambia walikushika na hukurudi, nenda hospitali siku hiyohiyo, halafu ndipo unipigie.

Bibi yako hajambo. Siku hizi anakaa kibarazani akitazama mwembe hata saa nzima, wageni wanapita, hawajibu, na hakuna anayesema ana dharau. Desemba ulipokuja niliwaona mmekaa naye pale, vikombe vya kahawa vimepoa katikati yenu, hakuna aliyemwuliza mwenziwe "mbona kimya". Nilikuwa dirishani. Nilitaka kuwaita chakula, nikaona ningoje.

Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, pamoja na mfuko wa machungwa ya Muheza. Uyale mapema, yameiva sana.

Mama yako