Risala ya Watunzi na Wanamuziki wa Morogoro kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo ya Hakimiliki na Mirabaha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wetu wa Wilaya;
Mkufunzi wetu uliyesafiri kutoka Dar es Salaam;
Wawakilishi wa vituo vya redio vya hapa mjini;
Wazee wetu wa muziki wa dansi, pamoja na wajane na watoto wa wanamuziki waliotangulia mbele za haki;
Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuitikia wito wetu. Karibu sana.

Kikundi hiki kilizaliwa misibani. Tulikuwa watu saba tuliozoea kukutana kila mwanamuziki mwenzetu anapofariki, tukichangishana sanda, jeneza na nauli za ndugu wa mbali. Wiki hiyohiyo ya msiba redio ilikuwa ikipiga nyimbo za marehemu kwa heshima yake, asubuhi na jioni. Katika msiba mmoja mjane aliuliza, mbele yetu sote, kama nyimbo zile zinazopigwa hazina chochote cha kumsaidia kulipa kodi ya chumba. Hatukuwa na jibu la kumpa. Leo tupo 34, na kila tulichofanya tangu siku ile kinatokana na swali lake.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hapa ndipo Salum Abdallah alipoijenga bendi ya Cuban Marimba, na hapa ndipo Mbaraka Mwinshehe alipong'ara na bendi ya Morogoro Jazz. Tunawataja wazee hawa kwa sababu ya hesabu tuliyofundishwa juzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Salum alifariki mwaka 1965, kwa hiyo miaka 50 yake ilitimia 2015. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979. Yake inatimia 2029.

Mkufunzi alipoandika mwaka huo ubaoni, ukumbi ulinyamaza. Wengi wetu tulikuwa tukidhani haki ya mtunzi huzikwa naye. Wapo humu ndani watoto wa watunzi waliofariki miaka ya 80 na 90, ambao haki ya baba zao bado ina miaka kumi, ishirini mbele, na hakuna aliyewahi kuwaambia.

Tulijifunza pia kwamba wimbo mmoja ukirekodiwa unabeba haki za aina mbili. Ipo ya mtunzi wa maneno na sauti ya wimbo, na ipo ya rekodi yenyewe, yaani waimbaji, wapigaji na aliyegharamia studio. Hiyo ya pili ndiyo sheria inayoiita hakishiriki. Kwetu sisi wa dansi jambo hili ni zito. Nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na rekodi ile inajulikana kwa jina la bendi. Mtunzi alikuwa mpiga gitaa la pili au mwimbaji wa kuitikia, na jina lake lilibaki vichwani mwa wenzake. Wenzake hao sasa wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, kazi yetu kubwa mwaka huu imekuwa daftari. Kila Jumatano vijana wetu wanakaa na wazee, wanapiga wimbo kwenye simu, kisha wanauliza: nani alitunga, nani aliimba, solo alipiga nani, rithimu nani, tumba nani. Wazee wakikubaliana tunaandika. Wakibishana tunaacha wazi mpaka apatikane shahidi mwingine. Kuna wimbo mmoja ulituchukua wiki tano, kwa kuwa wazee wawili kila mmoja alisema ni wake. Mwishowe walikiri kwamba mmoja alileta maneno na mwingine akaleta mwendo wa gitaa, tukawaandika wote wawili. Walishikana mikono hapo hapo, baada ya kununiana tangu bendi yao ivunjike.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Tumejitahidi kuielewa safari ya fedha, na hapa tunaomba utuvumilie kidogo. Kituo cha redio hakilipi wimbo mmoja mmoja. Kinalipia leseni ya jumla inayokiruhusu kupiga muziki, na fedha za vituo vyote, pamoja na za kumbi, hoteli na mabasi, huingia kwenye kapu moja. Zikiondolewa fedha za uendeshaji, kinachobaki hugawanywa kwa kadiri nyimbo zilivyotumika. Mwezi Januari 2022 COSOTA, taasisi ya serikali inayosimamia hakimiliki, iligawa mirabaha, yaani malipo ya wenye haki kwa kazi zao kutumika, ya takriban shilingi milioni 312, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa ili kazi ya kukusanya na kugawa ifanywe na vyombo vya wenye haki wenyewe, COSOTA ikibaki msimamizi. Hayo ni mambo mema na tunayaunga mkono.

Lakini kapu hugawanywa kwa orodha. Kama kituo hakikuandika kilichopigwa, au kimeandika "zilipendwa, saa mbili" na kuishia hapo, anayegawa atajuaje kwamba saa ile ilikuwa ya mzee wetu? Fedha itakwenda kwa majina yanayoonekana. Jumapili nne mfululizo tulikaa na redio na kalamu tukisikiliza kipindi cha zilipendwa cha kituo kimoja. Jina la bendi lilitajwa karibu kila mara. Jina la mtunzi lilitajwa mara moja. Tulipokwenda kuzungumza na fundi mitambo alitupokea vizuri, akatuonyesha nyimbo zake kwenye kompyuta. Zilikuwa zimeandikwa "traki 1", "traki 2", "traki 3", kama zilivyonakiliwa kutoka kwenye kanda. Kijana yule hakuwa na kosa. Hakuna aliyewahi kumpa majina. Basi tumeanza kumpa sisi, na hadi wiki iliyopita amekwisha kuandika upya nyimbo zote ambazo daftari letu linazo.

Kwa upande wa mitandaoni, vijana wetu wa Bongo Fleva wamepata somo lao. Kila rekodi inayopelekwa Boomplay au Spotify huwa na namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, na malipo huifuata namba hiyo. Tangu 2024 Spotify haiilipi rekodi ambayo haijafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kijana akipakia wimbo uleule mara tatu kwa majina matatu, anajigawanyia wasikilizaji wake mwenyewe. Lililotuumiza zaidi ni mikataba. Mwenzetu mmoja alisaini karatasi ya Kiingereza kurasa tisa akiwa amesimama mlangoni mwa studio, akalipwa laki mbili, na humo ndani alikuwa ameuza haki zake zote. Majirani zetu wa Kenya, mwaka 2022, waliandika ndani ya sheria kwamba fedha za miito ya simu, msanii asipate chini ya asilimia 52. Tunatamani na kwetu kiwango kama hicho kisiachiwe nguvu ya mwenye karatasi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Hatukukuita ili utuchangie fedha. Tunakuomba uwaite wenye vituo vya redio vya wilaya hii, tukae nao meza moja, tukubaliane kwamba kila wimbo unaopigwa utaandikwa pamoja na jina la mtunzi na orodha itapelekwa inakotakiwa kila mwezi. Sisi tutawapa majina bure, na kijana wetu mmoja atakwenda kila kituo kusaidia kuyaingiza. Tunaomba pia chumba kimoja katika jengo lolote la umma, siku moja kwa wiki, ambapo warithi watasaidiwa kujaza fomu na kufuatilia hati za mirathi, maana wengi hukwamia hapo. Na kwa watangazaji mlio nasi leo, ndugu zetu, tajeni jina la mtunzi. Ni sekunde tatu tu hewani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, naomba sasa kukukabidhi risala hii pamoja na nakala ya daftari letu. Ukurasa wa kwanza una nyimbo kumi na moja za mume wa yule mama aliyetuuliza swali pale msibani. Yupo mstari wa mbele, kavaa kanga ya buluu, na ameomba akukabidhi yeye.

Imesomwa kwako na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi wote.