Kiti cha mbunge ni cha wapiga kura

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba mabunge ya nchi zetu yalikuwa muhuri wa serikali tangu siku ya uhuru. Kwa Tanganyika, dai hilo lina ukweli nusu tu.

Ni kweli tulirithi chombo ambacho hakikuundwa kumbana mtawala. Baraza la Kutunga Sheria lilipoanza mwaka 1926, gavana ndiye aliyeliongoza, na Waafrika wa kwanza, Chifu Abdiel Shangali na Chifu Kidaha Makwaia, hawakuingia hadi mwaka 1945. Hata hivyo, Oktoba 1961, zikiwa zimebaki wiki chache tupate uhuru, ukumbi wa Karimjee ulichemka kwa mjadala wa muswada wa uraia: baadhi ya wajumbe walitaka uraia ufuate rangi, na Mwalimu Nyerere akalazimika kusimama na kuwajibu kwa ukali. Hoja yao ilikuwa mbaya, lakini ilijibiwa bungeni, hadharani.

Hata mfumo wa chama kimoja haukuizima sauti hiyo mara moja. Mwaka 1965 mpiga kura aliwekewa wagombea wawili wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba, na miongoni mwa walioangushwa alikuwamo Paul Bomani, aliyekuwa waziri wa fedha.

Pigo lenyewe, kwa maoni yangu, lilikuja mwaka 1968, TANU ilipowavua uanachama wabunge kadhaa, nao wakapoteza viti vyao bila wananchi waliowachagua kuulizwa lolote. Tangu hapo kila mbunge alijua ni nani wa kumwogopa. Kenya nayo ilikuwa imetunga sheria inayokaribiana na hiyo mwaka 1966 ili kuwabana waliomfuata Jaramogi Oginga Odinga kwenda chama cha upinzani cha KPU, ingawa wao angalau walirudishwa kwa wapiga kura.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992, lakini sharti kwamba mbunge anayepoteza uanachama wa chama chake hupoteza na kiti bado limo katika ibara ya 71 ya Katiba yetu. Sitetei wanaohamahama vyama kwa kufuata tumbo. Ninachopendekeza ni kwamba mchakato wa Katiba mpya utakaporejea, chama kibaki na haki ya kumfukuza mwanachama wake, ila hatima ya kiti iamuliwe na jimbo kwa uchaguzi mdogo, ambao naye aruhusiwe kugombea, hata akiwa hana chama.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam