Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Dodoma: cheti cha eko kiandikwe namba

Ndugu Mganga Mkuu,

Nakuandikia kutoka Kondoa. Mdogo wangu ana miaka 19, na valvu ya mitrali ya moyo wake inavuja tangu alipougua homa ya baridi yabisi utotoni. Cheti chake cha kwanza cha eko, yaani kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kilikuwa na sentensi moja tu: "Valvu inavuja kiasi." Mwaka uliofuata akapimwa kwingine, wakaandika "inavuja sana." Daktari akatuuliza: ugonjwa umezidi, au aliyepima ndiye amebadilika? Tukabaki kutazamana.

Valvu hiyo ni mlango wa majani mawili upande wa kushoto wa moyo. Usipofunga sawasawa, kila moyo unapokamua, damu kiasi hurudi chumba cha juu. Mashine huionyesha kwa rangi, na rangi inahadaa. Damu inayorudi ikiambaa ukutani, huonekana kidogo hata kama ni nyingi. Presha ya mgonjwa ikiwa imepanda siku hiyo, uvujaji nao huongezeka. Ndiyo maana presha nayo iandikwe kwenye cheti. Sijaiona hata mara moja.

Wataalamu hawaishii kwenye rangi. Hupima upana wa shingo ya mchirizi wa damu inayorudi, pale unapopenya valvu: milimita 7 na kuendelea ni dalili ya uvujaji mkubwa. Hukokotoa damu inayorudi kwa kila pigo: kuanzia mililita 60 ni nyingi. Kisha hulinganisha, maana kipimo kimoja hakitoshi kuhukumu.

Linalonitia hofu zaidi ni chumba cha chini. Nguvu ya kusukuma, yaani sehemu ya damu ya chumba hicho inayotoka kwa kila pigo, ikiwa asilimia 60 kwa mtu mwingine ni nzuri. Kwa mwenye uvujaji mkubwa wa valvu hii ni onyo, kwa sababu sehemu ya damu inayohesabiwa imesukumwa kurudi nyuma. Ikifika hapo au kushuka zaidi, au chumba kikibaki na upana wa milimita 40 na kuendelea baada ya kukamua, ni wakati wa kuzungumzia upasuaji, hata kama mgonjwa bado anashika jembe.

Ninaloomba halihitaji mashine mpya. Iwepo fomu moja ya eko kwa mkoa mzima, kuanzia hospitali za wilaya hadi Benjamin Mkapa, yenye nafasi ya namba hizo, presha na tarehe. Picha za video nazo zihifadhiwe, daktari anayefuata azione mwenyewe.

Mdogo wangu anapimwa tena mwezi wa nane. Vile vyeti viwili tutavibeba.

Wako,
Mkazi wa Kondoa